Mkate wa Wishwa: Kujitoa kwa Mama na Mgogoro wa Kitabaka katika Tukio la Gerezani la Fumo Liyongo

Sehemu hii inahakiki tukio moja katika hadithi ya Fumo Liyongo, kama linavyosimuliwa katika utendi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Utendi si tamthilia, lakini tukio la gerezani lina umbo la tamthilia fupi: mahali pamoja, wahusika wachache wanaoingia na kutoka mlangoni, na siri ambayo hadhira inaijua huku walinzi wakiwa gizani. Uhakiki wa hadithi hii umeelekea zaidi kwa shujaa na usaliti wa mwanawe. Mama hutajwa kwa sifa, kisha hupitwa. Sehemu hii inakubali kwamba mama alijitoa, ila inahoji kujitoa huko kulibebwa na nani.

Mtiririko wa tukio unafahamika. Liyongo amefungwa minyororo kwa amri ya mfalme wa Pate na anangoja kuuawa. Kila siku mjakazi Saada hutumwa na mama yake Liyongo kupeleka chakula, na kila siku walinzi hukitwaa kilicho kizuri wakala wao. Liyongo anamwimbia Saada wimbo wenye ujumbe wa mafumbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi, na ndani yake afiche tupa. Walinzi wanauona mkate, wanaudharau, wanauacha upite. Usiku wa ngoma ya gungu, ambayo mfungwa ameiomba kabla ya kufa, kelele za wachezaji zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Fantasia ya hadithi hii imewekwa yote katika mwili wa mwanamume. Liyongo ni jitu, nguvu zake zinapita za binadamu, na hauawi ila kwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Hata hivyo mwili huo wa ajabu haumtoi gerezani. Kinachomtoa ni unga, moto wa jikoni na kifaa cha fundi. Mama hana muujiza wowote. Ana maarifa ya mwanamke anayeoka kila siku, na ujasiri wa kuyatumia dhidi ya mfalme. Mbele (2006) ameonyesha kuwa wanawake katika tendi za Kiafrika wana nafasi kubwa kuliko ile wanayopewa na wahakiki. Tukio hili linamuunga mkono: ukiondoa jiko, utendi unaishia gerezani.

Mgogoro wa kitabaka, kwa upande wake, haupaswi kutafutwa kwa mfalme peke yake. Umo ndani ya mkate. Mkate mzuri ni chakula cha wakubwa, na wa wishwa ni chakula cha mtu asiye na kitu. Walinzi wenyewe si watu wa juu. Ni watumishi wenye silaha, wanaokula kwa kupora cha mfungwa, lakini wamekwisha kujifunza jicho la bwana wao, na kwa jicho hilo chakula cha maskini hakistahili kuguswa wala kukaguliwa. Wafula na Njogu (2007), katika kufafanua nadharia za uhakiki, wanaipa nadharia ya Kimaksi nafasi yake, na hapa nadharia hiyo inafaa kwa sababu rahisi sana: dharau ya kitabaka ndiyo tundu ambalo tupa inapitia. Mama analijua tundu hilo. Analijua vizuri kwa kuwa yeye ni wa upande wa wenye kudharau.

Saada naye anapita kwa sababu ileile. Hakaguliwi kwa kuwa ni mjakazi, naye, kama mkate wa makapi, hatazamwi mara mbili. Inaweza kudaiwa kwamba yeye ni tarishi tu, mhusika anayehitajika ili ujumbe ufike. Dai hilo halitoshi. Wimbo unaimbwa kwake kwanza, naye anapaswa kuukariri bila kuharibu fumbo, kuufikisha kwa mama, kisha kurudi na mkate mkononi mbele ya watu wenye silaha. Kama fumbo lingefumbuliwa mlangoni, mama angekuwa nyumbani. Shingo iliyokuwa karibu na upanga ni ya Saada. Mama anajitoa kwa hiari na kwa mapenzi. Saada anatolewa, na utendi haumuulizi kama amekubali.

Hadithi hii ya pwani ya kaskazini inapata mwangwi wa pekee ikisomwa Rusimbi, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Katika misafara hiyo ya karne ya 19 walikuwamo watu waliojiita waungwana, wengi wao wakiwa na asili ya utumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kwa msomaji wa ufuo huu, basi, uungwana si sifa ya kuzaliwa nayo tu. Ni jina ambalo watu walilidai, walilinyimwa, na kulishika. Hili si dai kwamba Liyongo au Saada walifika ziwani. Simulizi lao ni la kale zaidi na la mahali pengine. Ila msomaji huyo ana sababu ya kumtazama mbeba mkate kabla ya mwoka mkate. Pia, mahali ambapo ugali wa muhogo na dagaa ni chakula cha kila siku, hahitaji kufundishwa kwamba sahani humtaja mwenyewe.

Kithaka wa Mberia, katika tamthilia ya *Kifo Kisimani* (2001), aliichukua hadithi hii na kuihamishia Butangi, nchi ya kubuni inayotawaliwa na Mtemi Bokono. Shujaa Mwelusi anasimama na raia dhidi ya utawala dhalimu, na Gege anashawishiwa kumsaliti. Mgogoro umepata sura mpya ya watawala na watawaliwa, na kisiasa tamthilia imepata makali ambayo utendi hauna. Lakini kuna kilichopotea. Mstari uliopita katikati ya nyumba ya shujaa, kati ya bibi na mjakazi wake, hauonekani tena pale ambapo wanyonge wote wamewekwa upande mmoja. Utendi wa Kijumwa, ambao haukukusudia kuukosoa utumwa, umeuhifadhi mstari huo waziwazi zaidi kuliko tamthilia iliyokusudia kuukosoa udhalimu.

Tukio la kisimani linakazia jambo hili. Liyongo, akiwa amekwisha kuchomwa, anapiga goti kisimani na upinde umevutwa. Mji unaogopa kuteka maji, hata baada ya roho kumtoka, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba amekufa. Anaombwa mama yake aende kumbembeleza. Mwanamke aliyemwokoa mwanawe kwa chakula sasa anatakiwa awaokoe kwa maji watu wa mji ambao mfalme wao alipanga kifo hicho, naye anakwenda. Hapo hakuna wa kumtuma. Kwa mara ya kwanza katika hadithi, mama anaikaribia hatari kwa miguu yake mwenyewe, kama Saada alivyokuwa akifanya kila siku.