Faharasa ya Parnas Mbele ya Neno la Kiswahili

Mwezi wa Desemba 1972, jarida la Communications of the ACM lilitoa makala mafupi ya David Parnas, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Marekani, kuhusu vigezo vya kuugawa mfumo wa programu katika moduli. Tangu wakati huo makala hayo yamekuwa kama kitabu cha darasa la kwanza kwa kila anayejifunza usanifu wa mifumo ya kompyuta. Wanaisimu hawayasomi. Jambo hilo linashangaza, kwa kuwa mfano ambao Parnas alijengea hoja yake yote haukutoka kiwandani wala benki. Ni chombo cha kazi cha wanaisimu wenyewe: faharasa ya maneno katika muktadha, inayojulikana kwa herufi KWIC, ambayo Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliieneza mwishoni mwa miaka ya 1950 ili watafiti waweze kuvitafuta vichwa vya makala za kisayansi kwa neno lolote lililomo.

Kazi ya programu hiyo ni nyepesi kuieleza. Inapokea mistari. Kila mstari inauzungusha kwa kuliondoa neno la kwanza na kulipeleka mwisho, tena na tena, hadi kila neno limepata zamu yake ya kusimama mbele. Kisha mistari yote iliyozungushwa inapangwa kwa alfabeti na kuchapwa. Parnas mwenyewe alikiri kwamba ni mfumo mdogo, ambao mtaalamu mzuri angeweza kuumaliza kwa wiki moja au mbili. Aliuchagua ili msomaji aone umbo la hoja bila kupotea katika ukubwa wa jengo.

Hoja yenyewe ni hii. Parnas aliugawa mfumo huo kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza moduli zinafuata hatua za kazi: kuingiza, kuzungusha, kupanga, kuchapa, na moja ya kuziongoza nyingine. Ndivyo karibu kila mwanafunzi angefanya. Katika njia ya pili kila moduli inaficha uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika kesho. Hapo inazaliwa moduli ya sita, Hifadhi ya Mistari, ambayo peke yake inajua jinsi herufi zilivyowekwa katika kumbukumbu ya mashine. Moduli nyingine haziruhusiwi kuchungulia ndani. Zinauliza tu: nipe herufi ya tatu ya neno la pili katika mstari wa tano. Baada ya hapo Parnas aliorodhesha mabadiliko yanayoweza kutokea, na kuhesabu ni moduli ngapi zitaguswa. Uamuzi wa kufunga herufi nne nne katika chumba kimoja cha kumbukumbu ukibadilika, njia ya kwanza inalazimisha kila moduli iandikwe upya. Katika njia ya pili ni Hifadhi pekee inayoguswa.

Kwa hiyo thamani ya usanifu haikupimwa kwa kasi wala kwa uzuri wa mchoro, bali kwa swali: jambo hili likigeuka, ni wangapi watakaolazimika kuamka usiku? Kipimo hicho kiliendelezwa baadaye. Mary Shaw na David Garlan, katika kitabu chao cha 1996, waliichukua faharasa hiyo hiyo na kuilinganisha katika sanifu nne, mojawapo ikiwa ile ya mabomba na vichujio, ambamo kila kichujio kinapokea mkondo wa data, kinafanya kazi yake, na kuupitisha mbele bila kumjua jirani. Nao Rick Kazman na wenzake, mwaka wa 1994, walikwisha kuufanya ukaguzi huo kuwa utaratibu kamili uitwao SAAM: wanaohusika na mfumo wanakusanywa, wanataja visa vya mabadiliko, na kila kisa kinapitishwa juu ya usanifu ili kuona unapopasuka.

Kinachopaswa kuhojiwa ni orodha ya visa. Mabadiliko aliyoyataja Parnas yanahusu namna ya kuingiza data, nafasi ya kumbukumbu, ufungaji wa herufi, na wakati wa kupanga. Shaw na Garlan waliongeza lingine, yaani kuondoa mistari inayoanza na maneno madogo yasiyo na uzito. Hakuna aliyetaja kisa cha lugha kubadilika. Kiingereza kilikuwa sakafu ambayo juu yake nguzo zote zilisimikwa, na sakafu haiandikwi katika orodha ya vitu vinavyoweza kuhamishwa.

Ichukuliwe mistari miwili: «Mwalimu anasoma vitabu» na «Wanafunzi walisoma kitabu». Programu ya Parnas itaizungusha bila kosa na kutoa maingizo sita. Lakini «anasoma» litakwenda kwenye A na «walisoma» kwenye W. «Vitabu» litakuwa kwenye V na «kitabu» kwenye K. Mtafiti anayetaka kuona matumizi ya kitenzi -soma atalazimika kupekua A, H, K, N, S, T, U, W, na bado hatakuwa na hakika kwamba amemaliza. Kwa Kiingereza shida hiyo haionekani sana, kwa sababu viambishi vingi vya unyambuaji na vya wakati hukaa nyuma ya shina, na alfabeti huanza kusoma mbele. Lugha za Kibantu huweka mzigo mlangoni. Hivyo faharasa ambayo ni sahihi kwa maana ya programu inakuwa takriban bure kwa maana ya elimu ya lugha.

Kishawishi cha kwanza ni kulikata neno: kuondoa «ana» na «wali», kisha kuanzia kwenye mzizi. Njia hiyo inavutia hadi inapofika kwenye nomino. Ukiondoa ki- na vi-, kitabu kinabaki «tabu», na kitakaa faraghani pamoja na shida na mateso. (Wako wanafunzi watakaosema kwamba hapo ndipo mahali pake.) Tena liko neno «upande». Ni nomino yenye maana ya pembe au sehemu, na pia ni kitenzi panda katika dhamira tegemezi, nafsi ya pili umoja. Hakuna kisu kitakachoamua bila kuisoma sentensi nzima.

Dawa bora ni kuliacha neno lilivyo, na kuliambatisha ufunguo usiochapwa: «anasoma» libebe ufunguo soma, «vitabu» libebe kitabu, na «upande» libebe funguo mbili, liingie mara mbili. Kazi ya kutoa funguo hizo ni ya moduli ya kuchambua maneno, na si ndoto. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka wa 1992 kichambuzi cha namna hiyo kwa Kiswahili, SWATWOL, kilichojengwa juu ya mfumo wa ngazi mbili wa Kimmo Koskenniemi wa 1983. Nacho, kinapokutana na neno lenye tafsiri mbili, hutoa zote.

Sasa kisa kipitishwe juu ya sanifu mbili. Katika ile ya Parnas, moduli ya kupanga inaguswa, kwani haitalinganisha tena herufi zinazoonekana bali funguo. Moduli ya kuzungusha nayo inaguswa, kwa sababu ndiyo inayotoa idadi ya maingizo, na idadi hiyo sasa si sawa na idadi ya maneno. Moduli mbili kati ya sita, pamoja na moja mpya. Katika usanifu wa mabomba matokeo ni mazuri zaidi: kichujio kimoja kinawekwa baada ya kuzungusha ili kubandika ufunguo mwanzoni mwa mstari, kingine baada ya kupanga ili kuubandua. Vichujio vya zamani havijui kwamba kuna kilichotokea. Kwa kisa hiki, basi, usanifu wa Parnas unashindwa, ingawa si kwa aibu.

Lakini kiko kisa cha pili, na hiki kinatoka Lubumbashi. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya mji wao iitwayo «Vocabulaire de la ville d'Elisabethville». Johannes Fabian aliichapisha mwaka wa 1990 katika kitabu chake kuhusu historia kutoka chini. Kiswahili chake ni cha mji huo, chenye ba- mahali pa wa- na mu- mahali pa m-. Jambo hilo peke yake lingedai kichambuzi kingine tu, na sanifu zote mbili zingelibeba. Ugumu mkubwa uko kwenye nafasi nyeupe. Katika maandishi hayo neno moja linaweza kuandikwa vipande vipande, na maneno mawili yakashikana, bila kanuni moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ili kuyaelewa, Fabian alihitaji yasomwe kwa sauti na Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha hiyo. Neno lilipatikana sikioni kwanza.

Hapa ndipo sakafu inapotikisika. Swali ambalo Hifadhi ya Parnas inakubali kuulizwa lina nambari ya mstari, nambari ya neno, na nambari ya herufi. Nambari hiyo ya kati imekwisha kuamua kwamba neno lipo, kwamba linahesabika, na kwamba aliyeingiza data alijua mipaka yake. Parnas alificha kwa uangalifu jinsi herufi zinavyofungwa. Uamuzi wa neno ni nini hakuuficha. Aliuandika kwenye mlango, mahali ambapo kila moduli inapita. Kwa mujibu wa kanuni yake mwenyewe ulistahili kufichwa kuliko mingine, maana ni mgumu na huenda ukabadilika. Kanuni ni sahihi. Orodha ya mabadiliko ndiyo iliyokuwa fupi.

Mtafiti wa maandishi ya Yav hawezi kuridhika na kusahihisha nafasi kabla ya kuanza, kwa kuwa tahajia yake ni sehemu ya ushahidi. Anahitaji kutafuta kwa neno lililosikika na kuchapa mstari ulioandikwa. Katika usanifu wa Parnas, moduli ya kuingiza lazima ipokee matini mbili, Hifadhi iongezewe swali jipya kuhusu umbo la asili, moduli ya kuzungusha ilipitishe swali hilo, na ile ya kuchapa ijifunze kuliuliza. Ni nne kati ya sita. Kiongozi anabaki, na moduli ya kupanga nayo inabaki, kwa kuwa inaendelea kulinganisha maneno yaliyosikika. Katika mabomba hali ni mbaya zaidi. Matini ya pili lazima isafiri ndani ya mkondo wenyewe, na hakuna kichujio kitakachosalimika, kwani vyote vimekubaliana kimyakimya juu ya umbo la kile kinachopita. Usanifu ulioshinda katika kisa cha kwanza unaanguka katika cha pili.

Shaw na Garlan wasingeshangaa; jedwali lao la kujumlisha na kutoa halikumpa yeyote taji. Wala SAAM haidai kwamba liko jengo lililo bora kwa kila kisa. Lakini utaratibu huo unategemea wale walioitwa mkutanoni. Mhandisi atataja kumbukumbu na kasi, msimamizi atataja gharama. Kisa cha ki- na vi- hakitajwi na yeyote kati yao, na kile cha maandishi ya Yav hakiwezi kutajwa ila na mtu aliyewahi kuketi na ukurasa huo, akausoma kwa sauti, na kugundua kwamba neno alilokuwa akilitafuta limekatwa katikati na mwisho wa mstari wake umeungana na mwanzo wa jingine.