Nyonga, kamba na bidoni la lita 20

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na mara nyingi maji hufika nyumbani juu ya vichwa vya wanawake. Bidoni la lita 20 lina kilo 20. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita huinama kulichukua, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, na hapo kiuno humkata. Wengine huumia chini zaidi, pale mifupa ya nyonga inapoungana na uti wa mgongo.

Je, mazoezi huyaponya maumivu hayo? Uholanzi ilijaribu. Jan Mens na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walichukua wanawake 44 na kuwapa mkanda wa video wa kufuata nyumbani kwa wiki 8. Waliofanyisha kazi misuli ya kiwiliwili inayopita mshazari hawakuwazidi wenzao.

Miaka minne baadaye Norway ikatoa jibu jingine. Britt Stuge na wenzake waliwagawa wanawake 81 katika makundi mawili, wote wakitibiwa na wataalamu wa viungo kwa takriban wiki 20. Kundi moja lilianza na misuli ya ndani: ile inayozunguka tumbo kama mshipi, na ile midogo iliyoshikana na uti wa mgongo. Ikishatii, uzito uliongezwa, baadhi ya mazoezi yakifanywa kwa kamba zinazoning'inia. Ni dakika 30 hadi 60, siku tatu kwa wiki, na zoezi lililochochea maumivu lilipunguzwa. Ulemavu wa shughuli za kila siku ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kundi la pili, lililotibiwa bila mazoezi hayo, halikubadilika sana.

Tofauti, kwa maoni ya mwandishi huyu, haiko kwenye kamba. Iko kwenye jicho la mtaalamu. Video haimwoni mama anayebana pumzi badala ya tumbo.

Kipimo cha kujua kama tatizo liko kwenye nyonga hakihitaji mashine. Mama hulala chali, huinua mguu ulionyooka kama sentimita 20. Ukiwa mzito kama gogo, mtaalamu humbana nyonga pande zote mbili kwa viganja; mguu ukiwa mwepesi ghafla, basi nyonga yenyewe ndiyo inayokosa mshiko.

Goma wana uzoefu wa jirani: hospitali ya HEAL Africa ilijaribu mazoezi ya viungo kwa wanawake wenye fistula, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2014. Ugonjwa ni mwingine, lakini misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, ni ileile.

Miguu ikifa ganzi, mkojo ukizuilika au homa ikipanda, mazoezi yasubiri. Ni kwenda hospitali.

Kwa wengine, zoezi la kwanza liko bombani. Bidoni lisogezwe hadi liguse mguu, magoti yapinde, misuli ya chini ivutwe kama anayezuia mkojo, pumzi itoke wakati wa kuinuka. Bora mabidoni mawili ya lita 5, moja kila mkono. Likibaki lile kubwa, kumtwika mama ni kazi ya jirani.