Biti 14 Zilizofanya Kazi ya 16

Anayetafuta DAC (kigeuzi cha muziki wa dijitali kuwa analogia) ya bei kubwa ya kusikilizia muziki nyumbani huuliza kwanza jina la chipu na idadi ya biti. Ningependa atazame kwanza kazi ya Philips.

CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, kiwango kilikuwa biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Sony walitoka na kicheza CD cha CDP-101 chenye kigeuzi cha biti 16. Philips walikuwa na TDA1540, chipu ya biti 14 tu: ngazi 16,384 badala ya 65,536.

Kigeuzi chochote, pamoja na muziki, hutoa vivuli vya muziki huo, yaani nakala zake, katika masafa ya juu. Kwenye CD kivuli cha kwanza huanzia karibu 24 kHz, na muziki wenyewe unafika 20. Kichujio cha analogia kikibanwa hapo katikati hulazimika kukata kwa ukali, na ukali huo huvuruga awamu ya sauti nyembamba. Philips walitanguliza chipu nyingine, SAA7030, iliyokokotoa sampuli za katikati hadi zikawa 176,400 kwa sekunde. Vivuli vikasogea kupita 150 kHz. Kichujio chepesi kikatosha.

Ufundi wenyewe hasa uko kwenye kelele. Sampuli ikipunguzwa hadi biti 14, kinachokatwa hugeuka kelele. Ikitandazwa kwenye masafa mapana mara 4, sehemu inayosikika hupungua desibeli 6. Kisha masalio ya kila sampuli hayakutupwa: yaliingizwa kwenye hesabu ya sampuli iliyofuata, kama muuza duka anavyokuandikia chenji yako ya leo kwenye manunuzi ya kesho. Kelele ikasukumwa juu ya uwezo wa sikio, zikapatikana desibeli 7 zaidi. Desibeli 84 za biti 14 zikawa 97, daraja la biti 16 kamili. Naiona kuwa moja ya kazi safi kabisa katika historia ya sauti.

Chipu bora za leo zimevuka desibeli 120, kwa hiyo jina la chipu peke yake halikwambii mengi. Kiwanda cha chipu cha AKM kilipoungua huko Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, RME wa Ujerumani walihamishia ADI-2 DAC yao kwenye chipu ya ESS, na jina la kifaa likabaki lilelile. Mnunuzi aulize kuhusu usambazaji wa umeme, hatua ya analogia na vichujio. Kwenye ADI-2 unajichagulia mwenyewe kichujio kikali au cha taratibu, yaani suala lilelile la mwaka 1982.

Usilinganishe vifaa viwili kabla ya kusawazisha kiwango cha sauti. Kimoja hutoa volti 2, kingine 4, na chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama sicho. Cheza toni ya 1 kHz, pima volteji ya kila kifaa kwenye nyaya za spika, rekebisha hadi zilingane, ndipo usikilize.