The Circle: Hodi Isiyongoja Karibu

Nimemaliza kusoma The Circle, riwaya ya Dave Eggers ya 2013. Wengi huilinganisha na Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949). Lakini kwa Orwell, skrini ya kuchungulia watu ni ya Chama. Hapa Mae anajivalisha kamera mwenyewe, tena akishangiliwa. Kusema kweli anakubali upesi mno, na hapo riwaya inapwaya. Ila Mercer! Kaikimbia mitandao, wanamsaka kwa droni huku wakimwita rafiki, mpaka anatumbukia na gari kutoka darajani. Hapo nilishtuka. Sisi nasi tunaposti picha ya mgonjwa kitandani, eti tunamwombea. Nani alimwuliza kama anataka? Kwa sehemu hiyo tu, isomeni.