Utamaduni kama Mtenda: Tahakiki ya Utafiti wa David Parkin wa Kaloleni

Wanaanthropolojia wa kipindi cha ukoloni walizitafuta mila vijijini. Evans-Pritchard aliwatafiti Waluo huko Nyanza mwaka 1936. David Parkin alizitafuta mjini. Utafiti wake wa miaka ya 1968 na 1969 katika Kaloleni, mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ulizaa kitabu The Cultural Definition of Political Response: Lineal Destiny among the Luo (1978).

Ubora wa kazi hii ni kwamba haichukulii mila kuwa masalio ya kijijini. Mahari, ndoa za mitara na vyama vya koo vinaonyeshwa vikiendelea mjini, na msamiati wa nasaba unapewa uzito ambao mhakiki wa fasihi hana budi kuuthamini.

Hata hivyo, anwani yenyewe inafichua msimamo wa usimulizi. Utamaduni ndio unaofasili. Watu huitikia tu, na majaliwa yao yamo katika nasaba. Parkin hapuuzi siasa. Lakini chama cha KPU kilipopigwa marufuku Oktoba 1969, huo ulikuwa uamuzi wa dola, wala si majaliwa ya ukoo.

Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship (1970), aliwashutumu wataalamu wa Magharibi kwa kuwatwika Waafrika dhana zisizo zao. Parkin ameliepuka kosa hilo: dhana anazozichambua ni za Waluo wenyewe. Anachobaki nacho ni mamlaka ya kuzipanga, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kuanzia.