Kibera katika Tafsiri: Lugha Sanifu na Sauti ya Mtaa

Aghalabu nadharia za tafsiri huchukulia kwamba mfasiri huvuka mpaka mmoja tu, kutoka lugha chasili hadi lugha lengwa. Kibera yatuonyesha mipaka mingi. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, Kibra, yaani msitu, walilolitumia askari Wanubi waliopewa makazi huko na serikali ya kikoloni. Vinywani mwa wageni likawa Kibera: sauti ilisalia kwa kiasi, maana ikapotea.

Kinyume chake pia hutokea. Clement Ndulute alipoifasiri Things Fall Apart (1958) ya Chinua Achebe, aliipa anwani Shujaa Okonkwo (1973). Anwani hiyo yasomeka vyema, lakini imeuhamisha uzito kutoka jamii inayosambaratika hadi kwa mtu mmoja.

Tatizo huwa zito zaidi katika mazungumzo. Tuitazame Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, riwaya ya vibarua wa Nairobi ambao maisha yao hayako mbali na ya wengi wa Kibera. Ben na Ocholla huzungumza Kiingereza kitabuni. Penye ujenzi, vibarua wa aina yao huzungumza Kiswahili cha mtaa. Basi Kiingereza hicho tayari ni tafsiri, na mfasiri wa Kiswahili huyarejesha maneno nyumbani. Lakini nyumbani wapi? Akimpa Ocholla Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, kibarua atanena kama mwalimu darasani. Akimpa Sheng ya leo, atamng'oa katika miaka ya 1970, kwani msamiati wa Sheng hubadilika upesi.

Wapo wanaodai kwamba lugha ya mtaa huharibu Kiswahili, hivyo haifai vitabuni. Hoja hii haina mashiko: mhusika hakuumbwa ili afundishe sarufi. Tunapendekeza usimulizi ubaki sanifu, mazungumzo yafuate mkato wa mtaa, na msamiati wa mahali uhifadhiwe pale ambapo kisawe chake hupotosha. Mathalani, chang'aa ikiitwa gongo, mnywaji huhamishiwa Dar es Salaam bila nauli.

Mkaazi wa Kibera akikutana na mtu wa hali yake katika tafsiri iliyosanifiwa mno, ataelewa kila neno, ila hatajitambua. Upungufu huo ni mkubwa kuliko kosa lolote la sarufi.