"Vestir": Kuvaa na Kuvisha kwa Kitenzi Kimoja

Mswahili anayeanza Kireno huambiwa mapema kwamba "vestir" ni kuvaa. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Sisi tuna kuvaa, na tukitaka kauli ya kutendesha tunasema kuvisha. Mreno hagusi kitenzi. Anabadilisha shamirisho tu. "Vesti a camisa" ni nilivaa shati. "Vesti a criança" ni nilimvisha mtoto. Vikitajwa vyote viwili, mtoto hutanguliwa na kihusishi: "vesti a camisa à criança". Kwa hiyo usitafsiri "vestir" kabla hujasikia nomino inayokifuata.

Nguo isipotajwa na mtu anavaa mwenyewe, huingia kirejeshi: "vestir-se". Mreno husema "visto-me", Mbrazili katika mazungumzo husema "me visto". Shule za Msumbiji na Angola hufundisha kanuni ya Ureno. Kwenye ukanushi wote hukutana: "não me visto".

Hiyo "visto" huwatisha wanafunzi kwa sababu irabu ya mzizi imegeuka, e imekuwa i, ilhali nafsi nyingine za wakati uliopo zinabaki "vestes", "veste", "vestimos". Lakini kitenzi hiki hakiko peke yake. "Sentir" hutoa "sinto", "servir" hutoa "sirvo", "mentir" hutoa "minto". Vikaririwe pamoja kama ukoo.

Ugumu halisi kwetu uko kwenye mipaka ya kitenzi. Kuvaa kwetu hakubagui: shati, viatu, kofia, miwani, hata saa ya mkononi. "Vestir" ni ya mavazi ya mwilini. Viatu vina kitenzi chake, "calçar", ambacho huchukua pia soksi na, ajabu kidogo, glavu za mikononi. Kofia na miwani huenda na "pôr". Anayesema "vestir os sapatos" ataeleweka, ila msikilizaji atajua mara moja kwamba ni mgeni. Kuvua nako kumegawanyika vivyo hivyo: nguo "despir", viatu "descalçar". Nafuu ipo kwenye "tirar", kinachofaa kwa vyote hivyo.

Ndiyo maana orodha ya vitenzi vitupu haitakusaidia hapa. Kariri kitenzi pamoja na vazi lake: "vestir a camisa", "calçar os sapatos", "pôr o chapéu".